Mafuta ya Uso wa Kemuma

Kila asubuhi kabla ya saa mbili, Kemuma alikata karatasi ya kukaushia wino vipande vinane na kuvipanga kwenye droo ya kushoto ya meza ya mapokezi. Kipande cha kwanza kilikuwa cha saa tatu, cha pili cha saa tatu na nusu, na kuendelea hivyo. Alikibandika juu ya pua, kisha kwenye paji la uso, kisha kidevuni, akakitupa. Kufikia saa saba vyote vilikuwa vimelowa mafuta kiasi kwamba ukikiinua kimoja dirishani ungeona barabara na watu wakipita.

Huu ulikuwa mwaka wa 1973, mjini Kisii, katika ofisi za chama kimoja cha ushirika cha wakulima wa kahawa na pareto ambacho hakina haja ya kutajwa jina, kwa kuwa kilifanana na vingine. Kemuma alikuwa na miaka ishirini na sita. Siku za kazi alilala katika chumba alichopanga kule Mosocho; Ijumaa aliruhusiwa kutoka mapema, akapanda basi kwenda kwao Nyacheki kabla Sabato haijaingia. Alijua kupiga taipu, alijua kupokea simu kwa lugha tatu, na kila mkulima aliyepanda ngazi zile alimjua kwa jina na kwa kilima alikotoka. Hayo yote hayakumsaidia, kwa sababu uso wake uling'aa.

Meneja wa chama, Bwana Nyamweya, alikuwa mtu wa ngozi kavu. Alijipaka vaselini asubuhi, na ikifika saa nne ilikuwa imekwisha, akabaki na rangi ya kuni zilizolala nje. Alikuwa amesomea uongozi wa ofisi kwa njia ya posta kwa miezi tisa, na cheti chake alikitundika mara mbili, nakala moja kila ukuta, ili mgeni asije akaketi upande usio nacho. Alhamisi moja alimwita Kemuma ofisini akamwacha amesimama.

"Kemuma, unajua wageni wanaona nini wakiingia hapa?"

"Wananiona mimi, Bwana Meneja."

"Wanaona mafuta. Mtu anaingia ofisi kubwa, anadhani amekosea njia akaingia jikoni. Uso kama huo ni wa mtu aliyetoka kukaanga kitu. Ufunike. Kufikia Jumatatu nisiuone."

"Usiuone uso?"

"Nisiuone uking'aa," alisema Bwana Nyamweya, na kipande kidogo cha ngozi kikamdondoka puani kikatua juu ya faili. Akakipuliza.

Kemuma hakulia, ingawa alitaka. Alikuwa ameambiwa maneno ya namna hiyo tangu shule ya msingi. Alishuka ngazi, akavuka barabara, akaingia duka la Chandulal.

Duka lile liliuza vitambaa, misumari, dawa za kikohozi, na katika kabati moja la kioo, vipodozi. Chandulal mwenyewe alikaa kwenye cherehani karibu na mlango, mtu mwembamba aliyezungumza kwa nadra. Aliyeuza ni mkewe, Manju, ambaye mji mzima ulimwita Mama Mahesh. Alizaliwa palepale Kisii, nyuma ya duka lilelile, na Ekegusii chake, lugha ya Wakisii, kilikuwa safi kiasi kwamba wanawake wa Nyamache, wakitaka kugombana vizuri, walimwita aje awasaidie maneno.

"Nataka kitu cha kufunika uso," alisema Kemuma. "Kifunike kabisa. Na kisiteleze."

Manju alimtazama kama fundi anavyotazama paa. "Mafuta yanaanza saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Wapi?"

"Hapa. Upande wa kushoto wa pua. Kitone kimoja. Kikishatoka hicho, mengine yanajua njia."

Manju alifungua kabati akatoa fandesheni zote alizokuwa nazo. Zilikuwa tatu, zimetoka ng'ambo. Ya kwanza ilikuwa rangi ya pembe ya ndovu. Ya pili ilikuwa rangi ya pichi lililoiva. Ya tatu kibandiko chake kilisema imetengenezwa mahususi kwa wanawake wa Kiafrika, nayo ilikuwa rangi ya chai yenye maziwa mengi. Kwenye kifuniko mwanamke wa Kizungu alikuwa akitabasamu kwa niaba ya wote.

Kemuma alijaribu ile ya tatu Ijumaa. Ilipofika saa nne kamili, fandesheni iliachana na uso wake kwa hiari yake, ikateremka hadi shingoni, ikatulia kwenye ukosi wa blauzi. Mkulima mmoja kutoka Nyamira alimuuliza kwa upole kama alikuwa akipaka nyumba chokaa.

Jumapili, duka likiwa limefungwa, Kemuma na Manju walikaa uani na kinu cha viungo. Kemuma alikuwa amekuja na mfuko wa vumbi la mawe laini ya Tabaka, ambalo mjomba wake Okemwa, mchonga vinyago na bakuli, alilifagia kila jioni na kulitupa. Vumbi hilo ni laini kuliko unga wa wimbi na hunywa mafuta kama mtu aliyetoka safari. Manju alilipepeta kwa kipande cha sari kuukuu, akalitwanga tena, akalipepeta tena. Waliongeza udongo mwekundu, masizi ya chungu, matone ya glisarini na marashi ya waridi kidogo. Walipaka mkononi, wakatazama, wakaongeza masizi. Chandulal alipita kwenda kuchota maji, akasimama, akasema, "Bado nyekundu," akaenda zake. Alikuwa sahihi. Ilipofika saa kumi walipata rangi, nayo ilikuwa rangi ya Kemuma hasa, si ya binamu yake mweupe kidogo wala ya mtu mwingine yeyote.

Manju aliandika vipimo kwa chaki ukutani, pembeni mwa mizani, kwa Ekegusii. Hakuona sababu ya kuvificha.

Ilikuwa fandesheni nzuri. Hilo halina budi kusemwa. Jumatatu Kemuma aliipaka saa kumi na mbili asubuhi, na saa kumi na moja jioni ilikuwa bado mahali pake. Makovu mawili ya chunusi hayakuonekana. Karatasi za kukaushia wino zilibaki nane kwenye droo, kavu, na akashika moja akaitumia kukaushia wino. Alijitazama kwenye kioo cha choo cha ofisi mara tano siku hiyo, na mara zote tano alifurahi. Hakuna aliyemwambia neno. Alikuwa hajawahi kupitisha siku nzima bila mtu kumwambia neno.

Siku hiyohiyo, saa tatu asubuhi, kitone kimoja cha mafuta kilitokea upande wa kushoto wa pua ya Bwana Nyamweya.

Kilifuatiwa na vingine. Saa tatu na nusu paji lake la uso lilikuwa limeanza kuakisi dirisha. Saa saba alikuwa akimeta kuanzia nywele hadi kidevu, na alipoinama kutia sahihi, tone liliangukia tarehe. Mong'ina, mpiga taipu aliyekaa nyuma ya Kemuma, aliingia kwa meneja na barua akatoka, akaketi, akaweka karatasi mpya kwenye mashine.

"Yale si mafuta yako?" aliuliza.

"Ni yangu," alisema Kemuma. "Yameanzia kushoto."

"Nilidhani hivyo," alisema Mong'ina, akaendelea kupiga taipu.

Ingekuwa haki ya mtu yeyote kutarajia kwamba sasa meneja angeambiwa amefanana na mtu aliyetoka kukaanga. Hakuambiwa. Mwenyekiti wa chama, aliyekuja Jumatano kwa mkutano, alimshika mkono kwa muda mrefu akamwambia ameanza kupendeza, anaonekana mtu anayelala ameshiba. Wakulima waliopanga foleni ngazini walisema kwamba meneja mkavu huwa ana jambo analificha, lakini huyu yuko wazi, anameta. Mpiga picha wa gazeti alikuja kupiga picha ya shehena ya pareto, akaacha pareto akampiga Bwana Nyamweya. Picha ilipotoka, paji la uso lilikuwa na duara jeupe la mwanga katikati, na watu waliikata wakaibandika madukani. Kabla ya mwisho wa mwaka alipandishwa cheo, akapewa wilaya nzima, akapewa Peugeot ya chama na dereva wake.

Kemuma alisoma tangazo la kupandishwa cheo kwa sababu yeye ndiye aliyelipiga taipu. Lilisema Bwana Nyamweya ana "sura ya kuaminika." Alisahihisha herufi moja iliyokosewa, akalibandika ukutani.

Nyumbani Nyacheki, mama yake, Persis, mama wa kanisa ambaye hakuwahi kujipaka kitu usoni isipokuwa maji, alimtazama tu kwa miezi miwili. Sabato moja baada ya chakula alinyoosha mkono akamgusa bintiye shavuni.

"Umekuwa kama ukuta wa posta," alisema.

"Kazini wanataka hivyo, Mama."

"Mimi sijakugombeza. Nauliza tu yamekwenda wapi. Mama yangu alikuwa nayo mafuta hayo. Alipokufa tulimfuta mara tatu, na bado alizikwa aking'aa. Ni ya kwetu."

"Yako kwa Bwana Nyamweya."

Persis alifikiri. "Anayatumia vizuri?"

"Anasifiwa."

"Mh," alisema Persis, akaanza kukusanya sahani.

Mwezi wa Machi mwaka uliofuata Kemuma alishikwa na mafua makali akiwa Nyacheki. Alilala siku tatu bila kunawa wala kujipaka. Mafuta yalimrudia siku ya kwanza, na mtoto wa jirani aliyeletwa kumsalimia alijiona usoni mwake akacheka. Siku ya tatu, mnamo saa sita mchana, Peugeot ya chama ilipanda njia ya matope kati ya mashamba ya chai ikasimama mbele ya nyumba. Dereva alishuka, akafuta viatu kwenye majani, akavua kofia.

"Bwakire buya, Mama," alimsalimu Persis. "Bwana Meneja anauliza kama Kemuma amejipaka."

"Ni mgonjwa."

"Ndiyo, Mama. Nimeambiwa niseme pole. Halafu nimeambiwa niulize kama amejipaka." Dereva aliangalia kofia yake. "Hali si nzuri kule. Amekauka. Jana kwenye mkutano alidondosha ngozi kwenye chai ya mkuu wa wilaya. Wameanza kuulizana kama cheo hakikumzidi nguvu."

Kemuma alisikia hayo kutoka chumbani. Aliketi kitandani, akafikiri kwa utaratibu, kama alivyofikiri juu ya kila jambo. Kisha alimwambia dereva amsubiri avae, wakaenda mjini pamoja, yeye akiwa na blanketi mabegani na uso wake ukiwa wazi.

Aliingia kwa meneja bila kubisha. Bwana Nyamweya alikuwa na leso mdomoni. Alikuwa mweupe kama gome la mgrevilea.

"Mafuta hayo ni yangu," alisema Kemuma. "Nimekuja tuzungumze habari zake."

"Funga mlango."

"Nataka yaandikwe. Kwamba ni yangu, kwamba wewe unayatumia. Unaposifiwa kwa ajili yake, useme yametoka wapi. Sitaki zaidi ya hapo."

Bwana Nyamweya alimtazama kwa huruma, kama mtu anayeombwa kueleza jambo la darasa la kwanza. "Kemuma, wewe ni msichana uliyesoma. Mafuta yanayotoka kwenye uso wa mfanyakazi saa za kazi ni mali ya chama. Chama kinaamua yakae wapi. Yakikaa kwako ni uchafu. Umeona mwenyewe, miaka minne yamekaa kwako, yalifanya nini? Yakikaa kwangu yanaleta heshima kwa wakulima elfu sita. Sasa wewe unataka kuwanyima wakulima?"

"Nataka yaandikwe."

"Nitaliangalia," alisema Bwana Nyamweya. "Nenda ukajipake."

Alikwenda. Hilo pia halina budi kusemwa. Alikuwa na homa, alikuwa na kazi ambayo wasichana mia moja wa sekondari wangeichukua asubuhi ya kesho yake, na kwa kweli aliupenda uso wake ukiwa umepakwa. Alisimama mbele ya kioo cha choo akajipaka polepole, mpaka chini ya kidevu. Kupitia ukutani alimsikia Bwana Nyamweya akishusha pumzi.

Aliliangalia, kama alivyoahidi. Baada ya wiki moja waraka ulitoka kwamba wafanyakazi wote wa kike wafunike nyuso zao, kwa ajili ya heshima ya chama. Wakati huo ndipo ilipojulikana jinsi jambo lenyewe linavyokwenda. Mafuta ya Mong'ina, ambaye aliambiwa na mhasibu atii waraka, yalikwenda kwa mhasibu. Mafuta ya mwanamke wa chai, ambaye aliambiwa na karani wa stoo, yalikwenda kwa karani wa stoo, ingawa yalikuwa machache. Mafuta yalimfuata aliyetoa amri. Hayakuangalia umri wala dini.

Habari ilifika vijijini kabla ya jioni. Wanaume ambao kwa miaka kumi na mitano walikuwa wamewapiga marufuku wake zao kujipaka hata poda ya watoto walionekana dukani kwa Chandulal wamevua kofia, wakinong'ona. Walitoka Nyamache, walitoka Nyamira, wengine walitoka mbali hata mpakani. Wahubiri wawili waliokuwa wamelinganisha vipodozi na moto wa milele, mmoja wa Jumamosi na mmoja wa Jumapili, waligundua wiki moja kwamba mwanamke kufunika uso ni unyenyekevu, na wakahubiri hivyo, na wote wawili wakang'aa madhabahuni. Waumini walisema Roho amewashukia.

Manju alitwanga mchana kutwa. Mjomba Okemwa alilazimika kuchonga mawe ambayo hakuna aliyetaka bakuli zake, ili vumbi litoshe. Kemuma alikuja kila jioni baada ya kazi kusaidia kupepeta.

"Mumeo mbona hang'ai?" aliuliza siku moja. Manju mwenyewe alikuwa amejipaka.

Manju alimtazama Chandulal, aliyekuwa akipindua pindo la suruali, mkavu kama karatasi. "Hajawahi kuniamrisha kitu," alisema. "Sijui ni heshima au ni woga. Nilijipaka mwenyewe. Yangu yamekwenda hewani."

Barua ya Chandulal ilikuja mwaka wa 1975, katika bahasha ya kahawia. Ilimjulisha kwamba leseni yake ya biashara haitatolewa tena, kwa kuwa nafasi hizo sasa ni za wananchi, na kwamba ana siku tisini. Chandulal aliisoma mara mbili akaikunja. Hakuwa na uraia. Aliuomba mara tatu na kila mara faili ilipotea kwa adabu. Manju, ambaye kitovu chake kilizikwa uani karibu na bomba la maji, aliuliza wao waende wapi. Barua haikuwa na jibu la hilo. Mwana wao Mahesh alikuwa Leicester, Uingereza, akifanya kazi katika kiwanda cha soksi, na aliandika kwamba chumba kipo lakini ni kidogo.

Mwananchi aliyepewa nafasi hiyo alikuwa Bwana Nyamweya.

Alikuja asubuhi ya siku ya tisini, amevaa suti, aking'aa kama sufuria mpya, akifuatana na mwenyekiti wa chama na watu wapatao arobaini waliopenda sherehe. Alimpa Chandulal mkono. Kisha aliingia ndani, akasimama mbele ya mizani, akatoa kalamu, akanakili maandishi ya chaki yaliyokuwa ukutani, mstari kwa mstari. Neno moja hakulielewa, kwa sababu mwandiko ulikuwa umefutika, akamuuliza Manju. Manju akamtajia. Alikuwa amezoea kumjibu mteja. Bwana Nyamweya akashukuru, akamwagiza mtu apake rangi pale.

Kemuma alikuwa hapo tangu alfajiri akifunga masanduku kwa kamba. Alimwona Manju akimtajia lile neno. Aliacha kamba.

Alichukua debe la maji na kipande cha sabuni ya bluu, akatoka navyo barazani mbele ya watu wote, akapiga magoti, akanawa. Alisugua mpaka povu likawa jekundu, kisha jeusi, kisha jeupe. Alijimwagia maji yote. Aliposimama, uso wake ulikuwa na makovu mawili ya chunusi na macho mekundu ya sabuni. Alisubiri. Kitone kilitoka upande wa kushoto wa pua, na kwa kuwa jua lilikuwa limeshapanda, kila mtu alikiona.

Bwana Nyamweya alikuwa katikati ya hotuba. Alikuwa akisema, "Ndugu wananchi, matunda ya uhuru," na akiwa bado kwenye matunda uso ukamkauka kuanzia juu. Ukapasuka kwenye pembe za mdomo. Magamba yakamdondokea kwenye funguo za duka alizokuwa amezishika. Mwenyekiti alisogea hatua moja pembeni.

"Kemuma," alisema Bwana Nyamweya. "Nakuamuru."

"Nimekusikia," alisema Kemuma. Aling'aa hadi shingoni. Alirudi ndani akaendelea kufunga masanduku.

Watu waliendelea kutazama kwa muda, wakitarajia huenda kuna jambo lingefuata. Halikufuata. Bwana Nyamweya aligeuza kichwa akamtafuta Mong'ina, aliyekuwa amekuja kama wengine kuangalia, na ambaye mhasibu wake alikuwa amehamishwa mwezi uliopita. Akamwambia, kwa sauti ya chini lakini iliyosikika, kwamba kuanzia sasa anajipaka kwa amri yake. Mong'ina alimtazama Kemuma kupitia mlangoni. Alikuwa na wadogo watatu shuleni na mama aliyevunjika nyonga. Akasema, "Ndiyo, Bwana Meneja." Mafuta yake yalikuwa mepesi zaidi, na yalianzia kidevuni, lakini kabla hotuba haijaisha yalikuwa yametosha. Watu wakapiga makofi.

Kemuma alifukuzwa kazi kwa barua ya mistari miwili. Mong'ina ndiye aliyeipiga taipu. Aliongeza mstari wa tatu wa kumtakia heri, ukakatwa kwa wino mwekundu. Manju na Chandulal waliondoka kwa basi la Nairobi siku ya pili. Manju alikuwa amejifunga kinu mapajani kwa kanga, kwa sababu hakukubali kiwekwe juu ya basi. Alimshika Kemuma uso kwa mikono miwili kupitia dirishani, akaiacha kwa muda, na alipoitoa viganja vyake vilikuwa vinameta. Hakuvifuta.

Mwisho wa mwaka ule makopo yalikuwa yamefika kila kituo cha soko, kuanzia Nyacheki hadi Nyamira. Kwenye kifuniko palikuwa na picha ya Bwana Nyamweya akitabasamu. Aliuza rangi tatu, kwa sababu kuchanganya rangi ya kila mtu kulichukua muda, na ile nyeusi kabisa aliiacha kwa kuwa, alisema, haina soko.

Kemuma alichuma chai na mama yake. Alikuwa na mikono ya haraka, na baada ya msimu mmoja hakuna aliyemshinda kwenye mistari ile. Wanaume wawili walikuja kumposa. Wa kwanza aliuliza kama angejipaka. Kemuma akasema angependa, alikuwa na kopo la Manju alilolitunza, lakini si kwa kuambiwa. Huyo akaenda zake. Wa pili hakuuliza, ila alisema angeuliza baadaye, na Persis mwenyewe akamsindikiza hadi njiani.

Ijumaa Kemuma alikwenda mtoni kama wanawake wengine. Mawe yote mazuri yalikuwa yameshakaliwa. Nguo za siku hizo zilikuwa tofauti na za zamani, kwa sababu wanaume waliong'aa walitiririka, na kila shati lilikuwa na kola ya manjano iliyoganda mafuta, ambayo haikutakata kwa sabuni peke yake. Ilitaka majivu, ilitaka maji ya moto na kusuguliwa kwa gunzi. Mwanamke mmoja angeweza kusugua kola moja tangu saa sita hadi saa saba. Walikuwa wanawake ishirini, nyuso zao kavu, laini, za rangi tatu.

Kemuma aliweka beseni lake mwisho wa mstari. Ndani yake hamkuwa na shati la mwanamume. Jua lilimpiga usoni, na mwanga ukaruka juu ya maji, ukacheza kwenye magome ya miti ng'ambo ya pili. Jirani yake wa karibu, mwanamke wa umri wake waliyesoma naye, aliacha kusugua akamkunjia uso.

"Wewe Kemuma," alisema. "Huoni haya? Unang'aa kama mwanamume."

Wengine wakaangua kicheko. Kisha wakainamia tena kola, maana zilikuwa nyingi, na zote zilipaswa ziwe zimekauka kabla jua halijatua.